Uwanja Umerudi kwa Umma, Sisi Twende Wapi?

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kuliazima. Nitamshika mkono tuingie wote.

Mimi ni mke wa Afande. Mtaa mzima unamwita hivyo, na mimi pia, hasa nikiwa nimekasirika. Afande ni mstaafu wa jeshi, na kazi yake ya uzeeni ni kutunza uwanja wa starehe wa wanajeshi. Una uwanja wa mpira, bwawa la kuogelea na kiwanja cha tenisi chenye nyavu zilizooza. Miti ya kivuli ipo, lakini wanajeshi wenyewe hawajaikalia tangu kambi ihamie mbali. Nyumba yetu imo humo humo ndani ya uzio. Ina vyumba viwili, na katika chumba cha uani kilichogusana na jiko analala mama mkwe wangu ambaye miguu ilishamkatalia.

Niliwasimulia jinsi mimi, mke wa mtunzaji, nilivyogeuka kinara wa wanawake waliodai uwanja urudi kwa wananchi. Watoto wa mtaa walikuwa wanacheza mpira barabarani, magari yakiwapita puani, na huku ndani nyasi zinakua bure. Nikapiga kelele getini na wenzangu. Jeshi likasikia, likatangaza kwamba halina haja tena na eneo hilo, linalikabidhi kwa manispaa ili liwe mali ya umma.

Asubuhi ile wanawake walinibeba juu juu kama bibi harusi. Mchana wake fundi wa manispaa akaja na kopo la rangi nyekundu, akachora X kubwa kwenye ukuta wa nyumba yangu.

Hapo ndipo nilipowaacha, nimesimama na shada la maua shingoni, naitazama X.

Basi sikilizeni yaliyonikuta.

"Hii alama maana yake nini?" nilimuuliza Afande.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapiga viatu rangi. Mume wangu akipata habari mbaya hupiga viatu rangi, na siku hiyo vilikuwa vimeng'aa kiasi cha kunyolea ndevu.

"Nyumba inabomolewa," alisema.

"Na sisi?"

"Eneo linakabidhiwa likiwa wazi. Nimeshapewa amri na Luteni anayesimamia makabidhiano. Niezue paa, nitoe vitu, nikabidhi."

"Uezue paa la nyumba yako kwa mikono yako mwenyewe?"

"Si yangu. Ya jeshi."

Wasomaji wangu, nilitamani nichukue kimoja cha vile viatu nimtandike nacho. Lakini ungemtandika mtu wa namna hiyo, angekuuliza nani kakupa ruhusa.

Sauti ikatoka uani. Mama mkwe wangu miguu imemkatalia, masikio bado.

"Wewe mtoto! Uwanja unarudi kwa nani, wanasema?"

"Kwa umma, Mama," Afande alijibu.

"Na mimi si umma?"

Afande akazidisha brashi.

"Nakuuliza wewe. Kabla hao wenye mabuti hawajazungusha waya, hapa ndipo tulipocheza tukiwa wasichana. Wakatufukuza, tukalia weee, tukanyamaza. Mungu si mwanadamu, akakufanya mwanajeshi, ukanirudisha mwenyewe umenibeba mgongoni. Sasa wenzangu nao wanarudi. Mimi niliyewatangulia ndiyo nitoke?"

"Ni amri, Mama."

"Amri ya mtoto wa nani?"

Mimi nikaenda uani, nikamtengenezea mto wake, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mkwe wake anajulikana mjini na atalimaliza hilo jambo kabla ya jioni.

Eti najulikana mjini.

Nikaenda kwa Diwani. Huyu ni yule yule aliyenikumbatia mbele ya kamera, akasema mtaa ungekuwa na wanawake watano kama mimi ungekuwa mbali.

"Shujaa wetu!" alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu kiti."

"Mheshimiwa, sikufuata kiti, nimefuata paa. Wanataka kutubomolea."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. Diwani ana huzuni nzuri sana, huitoa ikiwa imeshapigwa pasi.

"Mama, ningekuwa na uwezo ningekujengea ghorofa. Lakini hilo si letu. Jeshi ndilo linalotaka kukabidhi eneo tupu. Nenda kamwone Luteni, mwambie nimekutuma mimi."

Nikaenda kwa Luteni. Ofisi yake ni kontena lililokatwa dirisha, meza moja, na feni inayompulizia yeye peke yake. Akainuka nilipoingia, akaniamkia kwa heshima kama mwanangu.

"Mama, jeshi halina ugomvi na nyumba yenu," alisema. "Manispaa ndiyo imekataa kupokea eneo lenye watu. Wanaogopa kurithi kesi. Nenda kamwone Diwani."

"Nimetoka kwake sasa hivi. Yeye ndiye aliyenituma."

"Basi itabidi urudi, mama yangu."

Alisema kwa upole kabisa. Angenifokea ningepata nguvu ya kumfokea na mimi, lakini upole wake ulinikata miguu.

Nikarudi. Katibu akasema Diwani ametoka. Gari lake lilikuwa limeegeshwa nje, na kwa chini ya mlango niliona ncha za viatu vyake, vimetulia, vinasikiliza.

"Ametoka lini?"

"Muda mrefu tu, mama."

Nilipigwa danadana kati ya wawili hao mpaka jua likapoa. Kila mmoja alinionea huruma. Hakuna aliyesema hapana. Mtu akikwambia hapana unajua unashindana na nani, lakini hawa walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikatoka pale nimenuna na sina wa kumnunia.

Nikasema, basi bado ninao wenzangu.

Rafiki yangu mkubwa katika harakati zile ni Fundi Cherehani. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, mimi mjumbe. Tulisimama getini bega kwa bega, tukalowa mvua moja. Nikamkuta dukani kwake anapinda gauni, pini amezipanga mdomoni.

"Shoga yangu, nisemee," nilimwambia. "Kamati ikitamka kwamba sisi tubaki, nani atapinga?"

Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Nilivyomwona anazitoa taratibu hivyo, nikajua hana habari njema.

"Shoga, usinielewe vibaya. Pale penye nyumba yenu kamati imepanga kujenga vyoo na chumba cha kubadilishia nguo."

"Imepanga lini? Mimi si mjumbe?"

"Leo mchana. Wewe ulikuwa nyumbani unahangaika na X yako."

"Uwanja wote ule, vyoo vikakae pale pale alipolala mama mkwe wangu?"

"Bomba la maji limepita hapo."

"Na wewe ukanyoosha mkono?"

Akanitazama machoni.

"Nilinyoosha. Unakumbuka tulichokuwa tunakipigia kelele? Kwamba asiwepo mtu mwenye uwanja wake peke yake. Leo nikisema rafiki yangu abaki ndani, hawa wengine watasema nini? Watasema jeshi limetoka mlangoni, shoga yake fundi kaingia dirishani. Ungekuwa wewe ungenitetea?"

Kilichoniuma ni kwamba hakusema uongo. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka bila kuaga, na mpaka leo sijui kama nililia kwa sababu ya vyoo au kwa sababu yake.

Nyumbani hakuna aliyeniuliza nimefikia wapi. Uso wangu ulitosha.

Asubuhi iliyofuata nikapiga moyo konde. Alibaki mtu mmoja ambaye sikuwa nimemwendea, kwa sababu kila mtu aliniambia nisimwendee. Anaitwa Bwana Ardhi. Ni mkubwa wa mambo ya ardhi pale manispaa, mnene, mwenye hasira za karibu, na wafanyakazi wakisikia kikohozi chake kwenye korido kila mmoja hukumbuka ana shughuli mahali pengine. Hapokei wageni. Nikaona nisijisumbue na mlango wa mbele. Nikazunguka nyuma anakoegesha gari, nikasimama mbele ya taa zake.

Akatoka. Akapiga honi. Nikabaki.

Akashusha kioo. "Mama, umechoka kuishi?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyapanga njia nzima, ya adabu na yenye mpangilio. Nilipofungua mdomo yakatoka machozi. Sikulia kwa ujanja, jamani, yalijileta yenyewe. Nililia mbele ya gari la watu mpaka walinzi wakageuza nyuso. Katikati ya kwikwi nikamweleza yote, Diwani, Luteni, vyoo, mama mkwe.

Bwana Ardhi akazima gari.

"Nani kakwambia lazima mtoke?"

"Wote."

"Wote hawajui kitu. Anayekagua na kupokea ni mimi. Sikiliza, na sitarudia. Nikifika nikakuta nyumba imesimama, ina paa, ina mtunzaji anayeishi na watu wake, naipokea kama sehemu ya uwanja. Mtunzaji anahamia kwetu na nyumba yake. Uwanja bila mtunzaji nitaufanya nini mimi, nikalale huko mwenyewe?"

"Na ile X?"

"Ile kachora mtu anayependa kupaka rangi. X haijawahi kubomoa nyumba."

"Na vyoo?"

"Bomba linapindishwa. Lakini sikia vizuri, mama. Nikikuta kuta tupu, hiyo kwangu si nyumba, ni kifusi, na kifusi kinaondolewa. Hapo usinililie tena, maana sitakuwa na la kufanya. Nakuja kesho asubuhi kabla ya sherehe ya makabidhiano. Msiguse hata msumari."

Nikadaka mkono wake nikaubusu. Akaufuta kwenye suruali. Sikujali. Ningembusu hata gari.

Nilirudi mbio, mama mzima, nguo nimezikusanya mkononi, viatu vinapiga kelele kama farasi. Watu wakaniuliza kuna moto wapi. Nikawaambia hakuna moto, kuna nyumba! Karibu na geti nikapishana na lori la jeshi linatoka, limefunikwa turubai. Dereva akanipungia mkono. Na mimi, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikampungia mikono miwili.

Nikaingia getini. Nikapita bwawa. Nikakunja kona.

Niliona mbingu mahali ambapo sijawahi kuiona.

Kuta zilikuwepo. Milango ilikuwepo. Pazia langu la sebuleni lilikuwepo, linapepea kwa upepo unaotoka juu. Paa halikuwepo. Afande alikuwa anashuka ngazi, nyundo kiunoni, jasho linamtiririka, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa na furaha.

"Umerudi?" alisema. "Nimemaliza."

"Umemaliza nini?" niliuliza, kama vile sioni.

"Luteni alisema mpaka kesho. Nimemaliza leo."

Kwa ambaye hajawahi kuolewa na mwanajeshi, ngoja nimweleze. Kwa hawa watu, kufanya jambo kwa wakati ni kuchelewa. Akialikwa chakula cha mchana, asubuhi yuko mlangoni anawatazama mnavyofagia. Siku ya harusi yetu alifika kwetu na msafara wake wote kabla mimi sijaoga, akasimama juani na suti yake, amenyooka, mpaka shangazi zangu wakaona aibu wakanifuata bafuni nimalize haraka. Hakuna amri aliyowahi kuisubirisha mpaka siku yake. Hiyo ndiyo sifa iliyompandisha vyeo, na wenzake walimheshimu kwayo. Mwanaume mwingine yeyote mtaani kwetu angeambiwa aezue nyumba yake, angeumwa mgongo wiki nzima. Wangu aliamka mapema.

"Afande," nilisema. "Bwana Ardhi amekubali."

Nikamweleza. Kila neno nililomwambia nililiona likimwingia. Nilipofika kwenye "msiguse hata msumari" akakaa kwenye kipago cha chini cha ngazi, akaitazama mikono yake.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Simu yako iko wapi?"

Akaanza kupapasa mifuko. Akaacha. Kazini simu huzimwa, hiyo nayo ni amri, na tangu nimjue hajawahi kuivunja.

"Basi turudishe," nilisema. "Inuka turudishe, mabati yako wapi?"

"Ni mali ya jeshi."

"Najua ni mali ya jeshi, yako wapi?"

"Yamekwenda na lori."

Lori. Lile nililolipungia mikono miwili.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikashtukia kwamba muda mrefu umepita na sicheki tena.

"Mkaza mwanangu, ndiyo wewe?" mama mkwe aliita.

Nikajikokota mpaka uani. Kitanda chake kiko pale pale, na yeye amelala juu yake na shuka lake, na juu yake mbingu tupu. Afande alikuwa amemfungia mwavuli kwenye mguu wa kitanda, fundo safi la kijeshi.

"Huyu mumeo amenianika kama nguo," alisema. "Nimekauka upande mmoja. Mwambie aje anigeuze."

"Tunalirudisha paa, Mama. Leo leo."

"Nimemwona anavyolitoa. Hakunitazama hata mara moja." Akavuta shuka lake. "Usimgombeze. Tangu mdogo, ukimtuma dukani anarudi hujamaliza kumtuma."

Nilienda kwa Luteni. Alisikitika kwa dhati, nilimwona. Akasema yeye alimpa mzee muda wa kutosha makusudi, akitumaini wakubwa watabadilisha mawazo. Makusudi! Lakini kitu kikishaingia stoo ya jeshi, akasema, hata yeye mwenyewe hana ubavu wa kukitoa. Nilienda kwa Diwani, viatu chini ya mlango. Nilipita kwa majirani, kila mmoja ana paa moja tu, la kwake.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumekaa kwenye viti vyetu, mimi na Afande, kwenye sebule isiyo na juu, hatusemeshani. Hapo akatokea Fundi Cherehani. Amebeba furushi kubwa kichwani, hakusalimia. Akalitupa chini likafunguka. Ni vitambaa vya kupambia jukwaa la kesho, vyekundu, vya njano, vya buluu, amevishona vyote pamoja vikawa kitambaa kimoja.

"Jukwaa litakaa uchi," alisema. "Shika huko."

Sikumwuliza kitu na yeye hakueleza. Tukapanda, tukavuta, tukafunga. Afande alitushikia ngazi. Hakutusaidia kufunga hata kona moja, na sikumlazimisha, maana hakuwa na amri ya kuezeka.

Kulipokucha uwanja ulikuwa umeshajaa. Mahema, viti vya wageni, bendi ya matarumbeta inajaribisha midomo. Wanawake wangu wa getini wamevaa sare, watoto wanaminyana kwenye uzio wakisubiri waambiwe ingieni. Tingatinga limeegeshwa chini ya mti. Ilikuwa sherehe yangu mimi, jamani. Niliililia mwenyewe.

Bwana Ardhi akaja na Luteni, na kundi la watu nyuma yao. Akasimama mbele ya nyumba yangu. Akaangalia juu. Vitambaa vikapulizwa na upepo, vikajaa, vikashuka.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Paa, Bwana."

"Mama. Haya ni mapambo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanisogeza pembeni kidogo, akashusha sauti.

"Nilikwambia msiguse."

"Nilichelewa, Bwana. Alikuwa ameshamaliza."

Akamtazama Afande, aliyesimama wima pembeni ya mlango na sare yake ya zamani. Nadhani alielewa. Alivuta pumzi, akajikuna kidevu, na nikaona anatafuta njia. Mtu yule anayeogopwa na mji mzima alikuwa anatafuta njia kwa ajili yangu.

"Siwezi kusema nimeona bati mbele ya watu wote hawa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Lakini mpaka makabidhiano, mwenye kulijua eneo hili ni mtunzaji. Neno lake nitalipokea kama lilivyo na sitalihoji. Afande, nijibu wewe. Hapa pana nyumba inayokaliwa, au hapana?"

Kuna mama kitandani, kuna chungu jikoni, kuna mimi. Angesema ipo asingekuwa hata mwongo. Nilimtazama mume wangu. Kwa maisha yetu yote ya ndoa sijawahi kumwomba kitu kwa macho kama nilivyomwomba wakati ule. Sema ipo, baba. Neno moja tu, nami sitakuomba lingine mpaka unizike.

Afande akabana visigino.

"Nyumba ilikuwepo, Bwana. Jana niliiezua kwa amri. Leo hapana nyumba."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Hapana."

Nikaanza kumwendea. Fundi Cherehani akanidaka kwapani. Bwana Ardhi akafuta uso kwa leso, na alipozungumza tena alikuwa yule yule wa kwenye korido.

"Mtoeni mama wa watu kwa heshima. Wewe wa tingatinga, zunguka nyuma uanze na jiko, nataka pawe peupe kabla mgeni rasmi hajafika."

Injini ikaguruma. Luteni akawaita askari wawili na machela.

"Naomba nimtoe mwenyewe," Afande alisema. "Ni mama yangu."

Luteni akakubali. Nani angekataa? Afande akampigia saluti, akageuka, akaingia kwa zile hatua zake za gwaride, akakatiza sebule, akafika chumba cha uani. Nilimfuata nyuma ili nimsaidie kumbeba. Nilikuwa mbali naye kidogo tu.

Akaingia chumbani kwa mama yake. Akafunga mlango. Nikasikia komeo linapita.

Nikasukuma. Nikagonga.

"Afande? Mume wangu?"

Luteni akaja mbio, akanisogeza. "Afande, nini tena? Toka na mama, muda umekwisha."

Luteni akapiga mlango kwa ngumi.

"Afande, toka nje. Hiyo ni amri!"

Nilisubiri jibu. Mume wangu ukimwambia neno hilo akiwa usingizini huamka amesimama. Safari hii tulisikia sauti ya bibi kizee tu, akiuliza nani huyo anayepiga kelele mlangoni kwa watu, na sauti ya mwanawe, ya chini sana, ikimjibu.

"Hakuna kitu, Mama. Lala."

Kwa nyuma, jiko langu likaanguka lote kwa mpigo mmoja, vumbi likapanda juu ya vitambaa vya Fundi. Ukuta uliofuata ulikuwa wa chumba kile. Dereva alikuwa upande wa pili, hajaona nani kaingia wala hajasikia nani kakataa kutoka. Akarudisha tingatinga nyuma, akainua jembe lake la chuma, akalinyoosha.

Nikakimbia kuzunguka ukuta, mikono juu, nampigia kelele asimame. Wakati huo huo mgeni rasmi akashuka kwenye gari getini, na bendi yote ya matarumbeta ikapiga kwa pamoja. Hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu.